Kiangazi kimekaza, ng'ombe amekonda: maswali ya wafugaji wa nyama

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Tanga, moja imetoka Bagamoyo, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nimpe nini cha asili ng'ombe wa nyama anenepe? Tumezijibu moja moja. Neno moja tu mtalikuta katika majibu yote: kirutubisho ni kiraka, na kiraka hushonwa penye tundu. Kabla hujanunua wala kuchuma chochote, tafuta tundu liko wapi.

Shikamooni wataalamu. Nina madume 12 ya zebu. Masika wananawiri, ikifika Agosti mbavu zinahesabika, na majani makavu yamejaa porini. Dukani nimeonyeshwa unga wa mitishamba ya kunenepesha, kijiko kimoja kwa siku. Ninunue? (Mfugaji kijana, Handeni)

Marahaba, mwanetu. Usinunue. Shida yako umeieleza mwenyewe bila kujua: majani yapo, ng'ombe anakonda.

Katika tumbo kubwa la ng'ombe wanaishi vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaomeng'enya majani. Nao wanataka protini ili waishi na kuzaana. Majani mabichi ya masika huwa na protini ya asilimia 10 au zaidi. Yakikomaa na kukauka hushuka chini ya asilimia 7, mengine hufika 3 au 4. Hapo vijidudu hupungua, majani hulala tumboni siku nyingi bila kumeng'enywa, na ng'ombe anajiona ameshiba. Ndiyo maana unamwona tumbo limejaa na mgongo umekauka. Hana njaa ya majani. Ana njaa ya protini.

Dume wa kilo 250 mpe kilo 1 ya mashudu ya alizeti kwa siku, au nusu kilo ya mashudu ya pamba, jioni wanaporudi zizini. Hakikisha kila mmoja ana nafasi ya sentimita 50 hadi 60 kwenye hori, la sivyo wababe watatu watakula cha wote na wewe utasema mashudu hayafai. Baada ya wiki mbili tatu utaona wanakula majani makavu mengi zaidi kuliko zamani. Hiyo ndiyo dalili kwamba kiraka kimeshika. Mwili hufuata baadaye.

Sasa pima mwenyewe ule unga. Kijiko kimoja ni kama gramu 15. Hata kingekuwa protini tupu, ni gramu 15. Nusu kilo ya mashudu ya pamba inampa kama gramu 180. Hakuna mmea wa kutiwa kijiko utakaojaza pengo hilo.

Kabla ya mashudu, ondoa ugonjwa. Ng'ombe mwenye homa ya nagana, ile inayoletwa na mbung'o, hula na kukonda, manyoya husimama, tezi za mbele ya bega huvimba, fizi na ndani ya kope hupauka. Handeni na ukanda wote wa kuelekea Saadani kuna mbung'o, kwa hiyo damu ipimwe kwanza. Tanga ina utaalamu wa zamani katika jambo hili: mbung'o dume waliotiwa utasa na kuachiliwa Unguja kati ya 1994 na 1997, mpaka kisiwa kikasafika, walizalishwa katika kituo cha utafiti cha hapa Tanga. Dume mwenye vijidudu vya nagana kwenye damu hata ukimlisha mashudu gunia zima utakuwa unawalisha wao.

Nina ua wa miti ya lukina na ya glirisidia kuzunguka shamba. Nimekuwa nikikata lukina nawapa ng'ombe watano, wanaipenda sana. Sasa wawili wananyonyoka manyoya ya mkia na mmoja anatokwa mate. Je, ni lukina? (Mama mfugaji, Muheza)

Karibu sana ndiyo, mama. Punguza leo hii.

Lukina ni chakula kizuri mno. Majani yake yana protini ya asilimia 22 hadi 25, yaani yanakaribia mashudu ya alizeti, na hayanunuliwi. Lakini yana kemikali iitwayo mimosini, nyingi zaidi kwenye vichipukizi laini na mbegu. Ndani ya tumbo hugeuka kuwa kitu kinachozuia tezi ya shingo kufanya kazi. Manyoya hunyonyoka, mate hutoka, ng'ombe huacha kula, na akiendelea kwa miezi tezi huvimba. Punda ni mbaya zaidi: singa zote huanguka. Kama una punda, asiguse kabisa.

Kipimo ni hiki: lukina isizidi theluthi moja ya chakula chote kikikaushwa. Dume wa kilo 250 hula kama kilo 6 na nusu za chakula kikavu kwa siku, hivyo lukina kavu isizidi kilo 2, sawa na kilo 6 hadi 7 za majani mabichi. Pima mara moja kwa mzani wa sokoni, ukariri mzigo huo unajaa kikapu gani, kisha tumia kikapu hicho kila siku. Makosa mengi hutokea kwa sababu mtu anakata kwa macho, na kiangazi lukina ikiwa ndiyo kijani pekee, macho hukata nyingi. Wale wawili waliodhurika waachishe kabisa kwa wiki tatu, wape majani mengine na pumba, kisha warudishe kidogokidogo.

Ipo habari moja inayofaa kujua. Ng'ombe na mbuzi wa baadhi ya nchi wanakula lukina bila madhara. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii wana bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo. Miaka ya 1980 bakteria hao walipelekwa Australia, wakatiwa kwenye matumbo ya ng'ombe wa huko, na baadaye wakapewa jina linalomkumbuka yeye: Synergistes jonesii. Usidhani basi kwamba ng'ombe wako wanao. Wako wamekwisha kukuonyesha kwamba hawana, au hawanao wa kutosha.

Glirisidia haina mimosini, na kwa udongo mwekundu wenye uchachu wa kupanda kuelekea Amani inastawi kuliko lukina, ambayo inapenda udongo wa chokaa. Shida yake ni harufu. Ng'ombe asiyeizoea huinusa na kugeuza kichwa. Kata jioni, tandaza chini ya paa mpaka asubuhi inyauke, kisha ichanganye na majani anayoyapenda, robo kwa robo tatu. Nyunyiza maji ya chumvi au molasi kidogo. Siku ya tano hadi ya kumi atakuwa anaitafuta. Akikataa siku ya kwanza wengi huikatia tamaa, na hapo ndipo hasara ilipo.

Ua ukitaka kuuongeza, kata fimbo za glirisidia za urefu wa mita 1 hadi 1 na nusu, unene wa kidole gumba mara mbili, zipande wiki moja kabla ya mvua. Usivune mpaka zitimize miezi minane hivi. Baada ya hapo kata kila miezi miwili hadi mitatu wakati wa mvua, kimo cha kiuno. Ukikata chini sana mti hudhoofu na ua hufa kwa mapengo.

Assalaam alaykum. Sisi akina mama wa Mkinga tunalima mwani. Tumesikia nchi za nje wanalisha ng'ombe mwani wakue haraka na wasitoe gesi. Mwani wetu uliokataliwa na wanunuzi tuwape ng'ombe? (Kikundi cha wakulima wa mwani, Mkinga)

Waalaykum salaam, mama zetu. Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Mwani unaozungumzwa huko Australia na Marekani unaitwa Asparagopsis. Ni mwekundu, lakini si wenu. Ndani yake mna kemikali ya bromofomu inayozuia vijidudu vya tumboni kutengeneza gesi ya methani. Ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu ya chakula chake kwa kucheua gesi hiyo, kwa hiyo watu walitumaini kwamba gesi ikizuiwa, nguvu itageuka nyama. Gesi kweli inapungua sana, hata mwani ukiwa chini ya asilimia 1 ya chakula. Nyama kuongezeka si jambo la uhakika: majaribio mengine yanaonyesha, mengine hayaonyeshi, na mwani ukizidi ng'ombe hupunguza kula. Tena bromofomu huruka. Ukianika Asparagopsis juani kama mnavyoanika wenu, kitu chenyewe kinachotafutwa kinakwenda na upepo.

Mnaolima nyie ni spinosamu na kotonii. Hiyo hununuliwa kwa ajili ya karajinani, ule utomvu unaogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Kwa ng'ombe ina protini kidogo na majivu mengi: chumvi, potasiamu, na iodini. Ni kiraka cha madini, si cha nyama.

Msiutupe hata hivyo. Uliokataliwa kwa sababu ya mchanga au rangi, usafisheni kwa maji baridi ya kisima mara mbili, uanikeni upya juu ya chanja, uvunjevunjeni. Ng'ombe mkubwa apate gramu 50 hadi 100 kwa siku, uchanganywe kwenye pumba, na chumvi ya kawaida ipunguzwe. Maji ya kunywa yasiwe ya chumvi, na yawe mengi: lita 30 hadi 40 kwa ng'ombe wa kilo 250 kwa joto la pwani. Ulioota ukungu usimpe mnyama yeyote. Mkiulisha kwa ndoo kama majani, wataharisha.

Jirani yangu anachota mabaki ya korona (mashine ya kukwangua majani ya mkonge) kwenye shamba la mkonge anawapa ng'ombe bure. Mimi nina chicha la nazi nyingi kutoka kwa mama lishe. Kipi bora, na kuna hatari gani? (Mfugaji, Pangani)

Kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki chote ni mabaki. Mali nyingi, lakini zaidi ya robo tatu yake ni maji, na protini ni ndogo. Hatari kubwa ni vipande vya katani vilivyopita kwenye mashine. Ng'ombe akivimeza kila siku huzongana tumboni, vikawa bonge ambalo haliendi mbele wala halicheuliwi. Ng'ombe hunyong'onyea, kinyesi huwa kidogo na kigumu, na mwisho ni kisu cha daktari au cha bucha. Jirani yako ayachambue: ayapitishe kwenye waya wa matundu makubwa, atoe nyuzi zote ndefu kuliko kidole, ayaanike siku moja yapungue uchachu, na yasizidi robo ya chakula. Protini lazima itoke mahali pengine.

Chicha ni jambo lingine. Hata baada ya kukamuliwa tui la kwanza na la pili hubaki na mafuta mengi, na mafuta ya nazi huua baadhi ya vijidudu vya tumboni. Kilo 1 ya chicha mbichi kwa dume wa kilo 250 inatosha kwa siku, na ilishwe siku ileile. Ikilala kwenye ndoo imefunikwa, kesho ina ukakasi, na ng'ombe ataikataa au itamharisha. Kama una nyingi, ianike juani nyembamba juu ya turubai mpaka ikauke kabisa. Ukituuliza tuchague, tunachagua chicha iliyokaushwa.

Mimi nafuga Bagamoyo, karibu na mashamba ya chumvi, na chumvi nawapa kila siku. Mbona ng'ombe wanatafuna mifupa, vitambaa, hata gome la mti? Je, nikiwatengenezea cha kulamba nitie nini? (Mzee mfugaji, Bagamoyo)

Shikamoo mzee wetu. Chumvi ya bahari ina sodiamu na kloridi, na hayo ng'ombe wako wanayo. Wanachotafuta kwenye mifupa ni fosforasi, ambayo chumvi haina na majani ya kiangazi yanayo kidogo sana. Msiichukulie kama tabia mbaya ya mnyama. Ng'ombe anayetafuna mfupa wa mzoga anaweza kumeza sumu ya botulizimu: miguu ya nyuma inalegea, ulimi unaning'inia, anakufa akiwa macho makavu, na akishafikia hapo dawa haipo. Basi mifupa yote iliyotapakaa malishoni iokotwe kwa glavu na kufukiwa au kuchomwa, na kiraka kipatikane.

Kwa kilo 10 za kulamba: chumvi safi kilo 4, majivu ya mifupa kilo 4, mchanganyiko wa madini madogomadogo wa dukani kilo 1 (yenye shaba, kobalti, zinki na iodini), pumba za mahindi kilo 1 ili walambe kwa hamu. Changanya vikavu, weka kwenye kisanduku cha mbao chini ya paa, kimo cha kifua. Ng'ombe mmoja alambe kama gramu 50 kwa siku, yaani kilo 1 na nusu kwa mwezi. Wakimaliza haraka zaidi wiki ya kwanza msishtuke, wanafidia. Wakiendelea hivyo mwezi mzima, ongezeni chumvi kidogo, kwani chumvi ndiyo inayowazuia wasizidishe.

Majivu ya mifupa ndiyo yanayokosewa. Mifupa ichukuliwe machinjioni, ya ng'ombe waliokaguliwa na kupigwa mhuri. Msichukue ya mnyama aliyekutwa amekufa porini, kwa maana kama ni kimeta, vimelea vyake hukaa kwenye udongo miaka mingi na huua watu. Ipangeni juu ya kuni nyingi, ichomwe mpaka iwe nyeupe hadi ndani. Vunja mmoja mtazame: ukiwa mweusi katikati, rudisha motoni. Ukiwa mweupe utasagika kwa kinu kama chaki. Unga wa mifupa mibichi au iliyochemshwa tu msiutumie. Ule ugonjwa wa ng'ombe kichaa uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986 ulienezwa na unga wa nyama na mifupa ya wanyama ukirudishwa kwenye chakula cha ng'ombe.

Wapo wanaoshauri unga wa fosfeti ya Minjingu kwa kuwa ni wa asili na rahisi. Ule ni mbolea. Una florini nyingi. Ukilishwa kwa miezi, meno huwa ya kahawia na kulika, na ng'ombe huchechemea.

Na kwa kuwa mko jirani na mpunga wa bonde la Ruvu, kuna jambo la pili: majani makavu ya mpunga yanaweza kufanywa chakula. Yeyusheni kilo 4 za mbolea ya urea kwenye lita 50 hadi 60 za maji, mnyunyizie kilo 100 za majani makavu tabaka kwa tabaka huku mkishindilia, mfunike kwa nailoni isiyopitisha hewa kwa wiki tatu. Mkifunua, yaacheni usiku kucha harufu kali itoke. Urea si ya asili, twajua, lakini hapa imekwisha kufanya kazi yake kwenye majani kabla ya kufika mdomoni. Hatari yake ni maji yale: ng'ombe akinywa ndoo ya urea hufa ndani ya saa chache, akitetemeka na kuvimba tumbo. Pipa lifunikwe, ndama wafungwe mbali. Akionekana mapema, mnyweshe siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji mengi ya baridi, polepole asipaliwe, huku daktari akiitwa.

Nataka kunenepesha madume sita kwa siku 90 kabla ya Idi Kubwa. Nipeni mchanganyiko wa vitu vya hapahapa, na nijue kama nitapata faida. (Mfugaji, Korogwe)

Chagua dume lenye kiunzi kirefu, miguu mizima, meno mawili hadi manne ya utu uzima, lililokonda kwa sababu ya njaa na si ugonjwa. Lipewe dawa ya minyoo na liogeshwe kupe wiki ya kwanza, kisha soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Mchanganyiko wa kilo 100: pumba za mahindi 60, mashudu ya alizeti 23, molasi 14, chokaa ya mifugo 1 na nusu, madini 1, chumvi nusu kilo. Protini inafika kama asilimia 13. Changanya vikavu kwanza kwenye sakafu safi, mwagia molasi iliyolegezwa kwa maji kidogo, geuza kwa koleo mara tatu. Molasi ikikosa kusambaa utaona mabonge, na anayelamba mabonge ataharisha.

Siku ya kwanza na ya pili mpe kilo 1 tu, majani makavu ale atakavyo. Kila siku mbili ongeza nusu kilo. Siku ya 15 atakuwa amefika kilo 4 na nusu, na hapo simama. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, saa zilezile. Wengi huharibu hapa: wanaona siku 90 ni chache, wanampa kilo 4 siku ya kwanza. Wanga ukiingia kwa kishindo, tumbo hujaa tindikali. Kinyesi huwa cha kijivu chenye mapovu na harufu ya uchachu, dume analala na hataki kula. Ukiona hivyo ondoa pumba zote, rudisha majani makavu matupu, mnyweshe gramu 100 hadi 150 za bikabonati ya soda ndani ya maji, uite daktari kama hajasimama siku hiyo. Baadaye unaanza kilo 1 upya, na siku umezipoteza.

Majani makavu yasikosekane hata siku moja, kilo 3 hivi kwa kila dume. Molasi nyingi bila majani humfanya ng'ombe kupepesuka kama kipofu, kwa kukosa vitamini ambayo vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyoitengeneza.

Sasa faida. Dume la zebu likilishwa hivi huongeza kama kilo 0.7 kwa siku, yaani kilo 63 kwa siku 90. Nusu yake ni nyama ya kuning'iniza buchani, kilo 31 hivi. Kwa ratiba hiyo atakula kama kilo 380 za mchanganyiko. Zidisha 380 kwa bei ya kilo ya mchanganyiko wako, ongeza majani, dawa na kibarua. Kisha zidisha 63 kwa bei ya kilo ya uzito hai mnadani. Ila usisahau kwamba faida nyingine imo kwenye zile kilo za mwanzo: dume ulilonunua limekonda huuzwa kwa bei ya kilo iliyo juu zaidi likinona. Kama hesabu haikai hata ukiongeza hilo, usianze.

Mzani usipokuwepo, pima kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako. Kifua kwa kifua kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua sentimita 150, urefu 120: 150 × 150 × 120 ÷ 10,840 = kilo 249. Pima kila wiki mbili, asubuhi kabla ya maji. Dume ambalo kwa mwezi wa kwanza halijaongeza hata kilo 10 liuze, halitajirekebisha.

Mwarobaini, kitunguu saumu na maji ya tumbaku vinaweza kuchukua nafasi ya dawa ya minyoo? Sitaki kemikali kwenye nyama. (Msomaji, Kilindi)

Tumbaku hapana, hata kidogo. Nikotini huua ng'ombe upesi kuliko minyoo. Vitunguu maji kwa wingi navyo huvunja chembe nyekundu za damu. Mwarobaini unasaidia kufukuza wadudu wa ngozi, lakini kwa minyoo ya tumboni nguvu yake hutofautiana mti kwa mti, na minyoo bapa ya ini haiguswi nao. Hofu yako juu ya nyama ni ya haki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na hata sisi tunasema antibayotiki isitiwe kwenye chakula ili ng'ombe anone. Dawa ya minyoo ni kitu kingine: ina siku zake za kutoka mwilini, ukizingatia hizo nyama ni salama. Toa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, kwa kipimo cha uzito ulioupima kwa futi. Dawa ya minyoo ya albendazole usimpe jike mwenye mimba changa.

Majani ya migunga, kwa kuwa yana tanini (kile kitu chenye ukakasi), hupunguza minyoo kiasi. Waache wale. Ila usiyahesabu kama tiba.

Pumba nilizonunua zina harufu na ng'ombe wanasusa. Pia maganda ya muhogo na machungwa yanafaa? (Mfugaji, Tanga mjini)

Pumba za Tanga huharibika upesi kwa unyevu wa bahari. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na usinunue za zaidi ya wiki tatu. Zilizoota ukungu zina sumukuvu. Zitupe, usiwape hata kuku.

Maganda ya muhogo yakatwe, yaanikwe siku mbili tatu mpaka yavunjike kwa kulia, kwa sababu mabichi yana sumu ya sianidi, na ya muhogo mchungu zaidi. Machungwa yakatwe vipande, kwani zima hukwama kooni, na maganda mabichi yasizidi kilo 5 kwa siku.

Na kabla hujalipia pumba, tia konzi moja kwenye bilauri ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Mchanga utatuama chini, makapi ya mpunga yataelea juu. Kama tabaka la makapi ni nene kuliko kidole, umeuziwa maganda ya mpunga kwa bei ya mahindi. Mrudishie mwenyewe gunia lake.